Ninavyotengeneza gundi ya kuliwa ya kubandikia mapambo ya fondanti

Kipepeo wa kwanza aliteleza saa 4 usiku. Keki ilikuwa ya ngazi 3, nyeupe tupu, na vipepeo 12 wa fondanti, yaani ule ukando laini wa sukari unaovalishwa keki, walipanda kwa mzunguko kutoka chini hadi kileleni. Nilikuwa nimeshamaliza, nafuta meza. Kuinua macho, naona kipepeo wa juu ameshuka kiasi cha sentimita 2, na nyuma yake kuna mchirizi unaong'aa kama njia aliyopita konokono. Nikamrudisha mahali pake, nikaongeza maji kwa brashi, nikambana kwa kidole. Dakika chache baadaye walikuwa wameteleza wanne. Nikaongeza maji tena. Ilipofika saa 7 usiku ukuta wa keki ulikuwa na vishimo, rangi ya zambarau ya mabawa imechuruzika hadi kwenye sahani, nami nimekaa nakata vipepeo wengine.

Usiku ule niliamini kwamba nilichokosa ni gundi yenye nguvu. Baada ya miaka ya kubandika maua, majani, herufi na wanyama, najua kosa lilikuwa kwingine kabisa: niliweka unyevu mwingi mno, na sikusubiri. Kwa hiyo, ingawa nakuelekeza jinsi ya kutengeneza gundi, sehemu kubwa ya maelezo haya utaniona nahangaika na maji.

Kwa nini fondanti hushika

Fondanti ni sukari. Ndani yake mna sukari ya unga, shira ya glukosi, jelatini au gamu kidogo ya kuifanya ivutike, na mara nyingi gliserini ili isikauke upesi. Ukiipaka maji, tabaka lake la juu huyeyuka likawa shira. Pambo ukiliweka juu ya shira hiyo, nalo huyeyuka kidogo kwa chini, shira mbili zinachanganyika, na maji yakishakauka sukari inaganda pamoja. Kinachoshika hasa, basi, ni sukari ya keki na ya pambo lenyewe. Kazi ya gundi ni kuyafikisha maji pale yanapotakiwa, kwa kiasi kinachotosha, na kuyazuia yasitembee.

Maji matupu hutembea. Yakiwa juu ya keki yanajikusanya kwenye kidimbwi na kuchimba fondanti. Yakiwa ukutani yanashuka na pambo lako. Hapo ndipo poda ya CMC inapoingia. Asili yake ni selulosi, ile inayojenga kuta za seli za mimea, ambayo imebadilishwa kiwandani ili iyeyuke majini. Molekuli zake ni ndefu kama nyuzi, na nyuzi hizo huyanasa maji yaliyo karibu nazo. Chembe kidogo tu inatosha kuyafanya yawe mazito kama ute wa yai, yakabaki pale pale ulipoyapaka.

Kwenye pakiti utaiona imeandikwa CMC, au Tylose, au kwenye orodha ya viambato utakuta namba E466. Soma pakiti mpaka uone imeandikwa kuwa ni ya chakula. Poda za jamii hii hutumika pia kwenye gundi ya karatasi za ukutani, na hizo mara nyingi huchanganywa na dawa za kuzuia ukungu. Zisikaribie keki.

Vipimo vyangu

Robo kijiko cha chai cha poda ya CMC, kijiko kikiwa kimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Vijiko vikubwa 2 vya maji, yaani mililita 30, yaliyochemshwa na kuachwa yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kichupa kidogo cha kioo chenye mfuniko, kilichooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa.

Ni hivyo tu. Kiasi hiki kinatosha keki kadhaa, kwa hiyo usivutwe kutengeneza kikombe kizima.

Maji yatangulie kwenye kichupa. Kisha nyunyiza poda juu yake kidogo kidogo, kama unavyonyunyiza chumvi, huku ukikoroga kwa kijiti. Ukianza na poda ukaimwagia maji, utapata madonge makubwa: upande wa nje wa donge hulowa mara moja na kuwa ngozi ya ute, na ngozi hiyo inayazuia maji yasiingie kwenye poda kavu iliyobaki ndani. Hata ukinyunyiza vizuri, vidonge vichache vitatokea. Funika, tikisa kwa nguvu kama nusu dakika, weka kwenye friji, uende kulala.

Mdogo wangu alipoanza kunisaidia alinijia na kichupa mkononi, uso umemshuka.

"Dada, nimeiharibu. Ina madonge tele, na maji yako pembeni."

"Umeweka saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Iache mpaka asubuhi. Usiichuje, usiongeze kitu."

Asubuhi alifungua friji na kukuta kichupa kimejaa ute mwepesi, angavu, usio na donge hata moja. Maji yalikuwa yamepenya taratibu usiku kucha. Wengi huiharibu gundi katika saa ile ya kwanza: wanaona madonge, wanaongeza poda kwa kudhani ni nyepesi, na kesho yake wanakuta jeli inayoweza kusimamisha kijiko.

Gundi iliyokuwa sawasawa hudondoka kutoka kwenye brashi kwa kuvutika, polepole. Ikiwa nzito mno, ongeza matone machache ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, tikisa, subiri nusu saa. Ikiwa nyepesi, ongeza poda kidogo sana kwa ncha ya kisu, kisha uipe tena saa kadhaa. Usitie ndimu wala siki kwa nia ya kuihifadhi. Tindikali ikizidi huipunguzia CMC uzito wake, na utajikuta umerudi kwenye majimaji.

Kama keki inatakiwa leo na hukulaza gundi, changanya kwanza ile robo kijiko cha poda na kijiko 1 cha chai cha sukari ya unga, zikiwa kavu kabisa. Sukari hutenganisha chembe za poda zisishikane. Kisha nyunyiza mchanganyiko huo kwenye maji vuguvugu na ukoroge bila kuacha. Baada ya saa moja hivi itatumika, ingawa haitakuwa angavu sana. Mimi huitumia kwa vitu vyepesi tu: nyota, madoa, majani madogo. Ua zito siliaminishi gundi ya saa moja.

Pambo gani, gundi gani

Hapa ndipo ningependa utulie nami, maana gundi ya ute niliyoeleza si dawa ya kila kitu.

Kanuni ninayoifuata ni kuangalia mambo matatu kabla ya kufungua kichupa: pambo limekauka kiasi gani, lina uzito gani, na linakaa juu ya keki au ukutani. Kadiri lilivyo kavu, zito na lenye kuning'inia, ndivyo gundi inavyotakiwa kuwa nzito na yenye sukari ndani yake.

Pambo laini, lililokatwa sasa hivi, likibandikwa kwenye fondanti iliyovalishwa keki leo, halihitaji hata CMC. Brashi iliyoloweshwa maji na kukamuliwa kwenye kitambaa mpaka iwe na unyevu tu inatosha, kwa sababu pande zote mbili bado zina unyevu wake. Kwa pambo laini la ukutani ndipo ninapotumia ute wa CMC.

Pambo lililokauka siku 2 au 3 ni habari nyingine. Upande wake wa chini ni mgumu, na mara nyingi umejikunja kidogo, hivyo haugusani na keki kila mahali. Ute hauwezi kuziba nafasi hizo. Unakauka na kuwa utando mwembamba usiofika upande wa pili. Unahitaji gundi yenye mwili. Chukua fondanti ya rangi ile ile ya keki, ukubwa wa gololi, uikatekate kwenye bakuli dogo, tia nusu kijiko cha chai cha maji, weka bakuli juu ya maji ya moto au kwenye mikrowevu kwa sekunde chache, kisha uisage kwa mgongo wa kijiko mpaka iwe laini kama krimu. Kwa kuwa rangi ni ile ile, hata ikitokeza pembeni mwa pambo haionekani sana. Ipake ikiwa imeshapoa. Ikiwa ya moto itayeyusha mahali unapoipaka.

Kwa vitu vya kusimama, kama mkono wa mwanasesere, sikio la tembo au ua la gampesti lililovunjika petali, napanda daraja. Gampesti ni ile fondanti iliyokandwa na CMC ili ikauke na kuwa ngumu. Mimi huweka takribani kijiko 1 cha chai cha poda kwa kila gramu 250 za fondanti. Kipande kidogo cha gampesti hiyo nakiweka kwenye kigae safi, nadondoshea tone moja la maji, nakiponda kwa ubapa wa kisu, tone jingine, naponda tena, mpaka kiwe rojo linalonata kwenye kisu na kuvutika. Rojo hilo likikauka usiku kucha linakuwa gumu kama pambo lenyewe. Hiyo ndiyo gundi ninayoiamini kuliko zote kwa kuunga kikavu na kikavu. Ubaya wake ni kwamba linakauka haraka ukiwa bado unalitumia, basi lifunike kwa kitambaa chenye unyevu.

Aisingi ya ute wa yai na sukari ya unga nayo hushika sana, na wapambaji wa tangu zamani hawaiachi. Mimi huiweka mahali ambapo doa jeupe halitaonekana, au ambapo nitalifunika kwa jani. Ukiitumia, kumbuka kwamba ute mbichi unaweza kubeba bakteria wa salmonela. Keki ya watoto, wajawazito, wazee au wagonjwa itengenezee ute uliopashwa moto kiwandani kuua vijidudu, au poda ya ute wa yai.

Kuna pia gundi za utomvu. Gamu arabiki hutoka kwenye mti wa jamii ya migunga, na gamu tragakanthi hutoka kwenye kichaka cha jamii ya Astragalus. Zote zinalika na zote zimetumika kwenye sukari kwa muda mrefu kabla ya CMC. Tragakanthi huwa nzito hata ikiwa kidogo. Gamu arabiki hubaki nyepesi hata ukiitia kwa wingi, ndiyo maana nimeacha kuitumia ukutani.

Jambo moja linalowasumbua wanaoanza: gundi hizi zote ni za maji, na maji na mafuta hayapatani. Kama keki imepakwa aisingi ya siagi bila fondanti, ute wa CMC utateleza juu yake bure. Pale tumia aisingi yenyewe ya siagi, au tone la chokoleti iliyoyeyushwa.

Kubandika

Kwanza futa wanga. Tunaponyunyiza wanga wa mahindi mezani ili fondanti isigande, unabaki mgongoni mwa pambo kama vumbi, na gundi hushika vumbi badala ya kushika pambo. Brashi kavu, laini, mara mbili au tatu. Kama ulipaka mafuta meupe mikononi wakati wa kukanda, pangusa mgongo wa pambo kwa karatasi laini pia.

Gundi usichovye kutoka kwenye kichupa. Mimina kidogo kwenye kisahani, tumia hicho, na kilichobaki mwishoni ukitupe. Brashi inayokwenda kwenye keki na kurudi hubeba sukari na makombo, na hayo ndiyo chakula cha ukungu.

Paka mgongo wa pambo, si keki. Tabaka liwe jembamba kiasi kwamba ukiliinamisha kwenye mwanga unaona mng'ao lakini huoni tone. Anzia katikati, na uache ukingo wa milimita 2 au 3 ukiwa mkavu. Utakapobonyeza, gundi itasambaa yenyewe kuelekea pembeni bila kutokeza. Ukingo ukipakwa, gundi hutoka nje na kukuachia duara linalong'aa kulizunguka pambo.

Sasa subiri. Hatua hii ndiyo ningemnong'oneza yule dada wa usiku wa vipepeo. Sekunde 30, pengine dakika nzima hewa ikiwa na unyevu, mpaka ukiigusa kwa ncha ya kidole inavuta badala ya kulowesha. Gundi ikiwa mbichi ni kilainishi, inalisaidia pambo kuteleza. Ikishaanza kunata, liweke pambo mahali pake mara moja bila kulisogezasogeza, libonyeze kwa upole, uhesabu mpaka 20. Likikaa kombo, linyanyue kabisa kwa ncha ya kisu upesi na uanze upya. Kuliburuza kunachora alama.

Alama ikishatokea, usiipanguse kwa maji. Iache ikauke kabisa kwanza, kwa sababu nyingine hufifia zenyewe. Inayobaki mimi huifunika: jani linasogea sentimita moja, au kidoa kidogo kinaongezwa na kuonekana kama kilikusudiwa tangu mwanzo.

Rangi nzito, hasa nyekundu, nyeusi na zambarau, zinataka gundi kidogo kuliko zote. Rangi huyeyuka pamoja na sukari na kuingia kwenye fondanti nyeupe, na ikishaingia haitoki. Mapambo ya rangi hizo nayaacha yakauke angalau usiku mmoja kabla ya kuyabandika, na gundi naiweka kwa vidoa vidogo badala ya kupaka mgongo mzima.

Kitu kizito kitegemeze. Kichwa cha mwanasesere nakishikiza kwa kipande cha tambi kavu: nusu imeingia mwilini, nusu kichwani, na gundi kidogo shingoni. Tambi ni chakula. Ukilazimika kutumia kijiti cha meno, mwambie mwenye keki kiko wapi, na ni bora umwandikie. Ua la ukutani naliwekea kipande cha sifongo safi chini yake, kimeshikiliwa na pini ndefu yenye kichwa kikubwa cha rangi, nakiondoa asubuhi. Pini nazihesabu wakati wa kuchoma na wakati wa kuchomoa, na hesabu isipolingana keki haitoki jikoni.

Ikishabandikwa, keki isiende kwenye friji mara moja. Ikitoka humo baridi na kukutana na hewa ya joto, matone ya maji hujitengeneza juu yake yote. Fondanti inatoa jasho, gundi inalainika, na kazi ya siku nzima inaanza kushuka. Chumba chenye ubaridi wa kawaida, kikavu, feni ikipuliza mbali, vinafaa zaidi. Kama krimu au kijazo cha ndani kinalazimisha friji, ibakize ndani ya boksi la karatasi ngumu, na ukiitoa usilifungue boksi mpaka ubaridi uishe, ili unyevu uishie kwenye karatasi. Ukiona jasho tayari, usiguse kitu. Feni tu, kwa mbali, mpaka likauke lenyewe.

Kuitunza

Kichupa nakiandika tarehe na kukiweka kwenye friji. Wapo wanaokitumia kwa wiki kadhaa. Mimi wiki moja ikipita nakimwaga, kwa kuwa kutengeneza kingine ni kazi ya dakika 3. Gundi iliyoanza kuharibika huonyesha dalili hata kabla ya kunuka: inakuwa nyepesi ghafla. Ukikuta ute uliokuwa mzito jana leo ni majimaji, vijidudu vimeanza kuzikatakata zile nyuzi. Usiiongezee poda. Imwage, na kichupa ukichemshe.

Brashi iwe ya keki tu, isiwahi kugusa rangi ya ukutani wala gundi ya karatasi. Na kabla ya kunyunyizia gundi vumbi la kumetameta, hakikisha limeandikwa kuwa linaliwa. Maneno "halina sumu" yana maana nyingine: kwamba halitakudhuru ukiligusa au ukilimeza kwa bahati mbaya, si kwamba ni chakula.

Ninapopeleka keki, ndani ya kikapu changu huwa na kisahani, brashi 2, kichupa cha ute, rojo kidogo la gampesti lililofungwa kwenye nailoni, na nakala 3 za kila pambo la ukutani. Keki ya mwisho ya vipepeo niliyoipeleka ilipita njia yenye mashimo, na wa tatu kutoka juu alikuwa amevunjika bawa nilipofungua boksi. Nilipaka mgongo wa kipepeo wa akiba, nikahesabu dakika nzima nikiwa nimemshika mkononi, watu wakinitazama, kisha nikamweka.